Dakika Tano Kabla ya Sauti

Karibu kila mtu wa rika letu anaujua wimbo wa Cold Little Heart, na karibu hakuna aliyeusikiliza. Wengi waliupata mwaka 2017 kwenye Big Little Lies, ile tamthilia ya HBO ya akina mama matajiri wa California wenye majumba kando ya bahari. Kila kipindi kilianza nao: gitaa kidogo, sauti nzito ya mwanamume, mawimbi, basi, hadithi inaanza. Wengine waliupata baadaye kwenye vipande vya TikTok, chini ya video ya mtu anayeangalia dirishani. Ukimwambia msee kwamba wimbo wenyewe una karibu dakika 10, na kwamba Michael Kiwanuka haimbi neno hata moja hadi karibu dakika ya tano, anakuangalia kama umemwambia Thika iko ufuoni.

Nataka kuzigombania hizo dakika tano. Zimekatwa na watu wa televisheni, zimekatwa na redio, na sisi wenyewe tunazikata kila siku kwa kidole gumba, na kila anayezikata ana sababu yake nzuri. Lakini ndizo zinazosema huyu jamaa alikuwa anataka nini. Na namna albamu iliyozibeba ilivyopokelewa, huko London na huku kwetu Thika Road, imeniudhi kwa muda mrefu.

Tuanze na albamu. Love & Hate ilitoka tarehe 15 Julai 2016, na ilikuwa ya pili. Ya kwanza, Home Again ya mwaka 2012, ilikuwa kitu cha upole: gitaa la mbao, filimbi hapa na pale, sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Kiwanuka alikuwa ameshamfungulia Adele jukwaa kwenye ziara ya 2011, BBC ikampa tuzo yake ya Sound of 2012 inayotabiri nani atavuma mwaka huo, na waandishi wa Uingereza wakampokea kama mjomba aliyerudi kutoka miaka ya 70 akiwa bado kijana. Watu walimpenda kama unavyopenda sweta.

Kisha akakwama. Kanye West alimwita kwenye vikao vya kurekodi Yeezus, akaenda, akajiona hana kazi pale, akaondoka kimyakimya. Aliandika nyimbo za albamu ya pili, akazitupa. Mwishowe akakaa hasa na watayarishaji wawili, Danger Mouse wa Marekani na Inflo wa London, na badala ya kushona sweta lingine akatoka na nyimbo 10 za karibu dakika 55, tatu kati yake zikipita dakika saba. Na wimbo aliouweka mlangoni, pale ambapo kila mwanamuziki mwenye akili timamu anaweka kibao cha dakika tatu, ni huu wa dakika 10. Unaanza kwa fidla, polepole, kama ukungu unaoinuka kwenye kahawa alfajiri. Zinakuja sauti za waitikiaji, bila maneno. Halafu gitaa lake la umeme linachukua usukani na kulia peke yake, linapanda, linashuka, linapanda tena. Kufikia wakati anaingia kuimba umeshaambiwa mambo mengi, na huwezi kusema umeambiwa na nani.

Nauliza: mtu anayefanya hivyo anaomba nini? Anaomba asubiriwe. Kwa mwanamuziki mweusi mwenye albamu moja tu mgongoni, hilo ni ombi kubwa.

Wahakiki wa London waliipenda, hilo sikatai. Albamu iliingia namba moja kwenye chati ya Uingereza, ikatajwa kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Mercury ya 2016, ambayo Skepta aliichukua na Konnichiwa. Mapitio mengi yalikuwa ya sifa, na ugomvi wangu ni na hizo sifa zenyewe. Soma mapitio matano ya wakati ule, utakutana na Marvin Gaye, Isaac Hayes, Curtis Mayfield na Bobby Womack, na lile gitaa likifika, Pink Floyd. Kisha soma mengine matano ukutane nao tena, labda kwa mpangilio tofauti. Ni kama wazee kwenye ruracio: huyu ni wa nani, babake nani, mbari gani, na wakishajua wa mbari gani wanakunywa soda na mambo yameisha. Mtoto mwenyewe amesimama pale kando. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kumfananisha si uongo. Kiwanuka mwenyewe hajawahi kuficha mapenzi yake kwa Otis Redding na Jimi Hendrix, na mtu yeyote mwenye masikio anaisikia Amerika ya 1971 kwenye zile fidla. Shida ni kwamba kufananisha kukishakuwa ndiyo kazi yote, muziki unageuka faili. Linawekwa kwenye droo ya "soul ya zamani", droo inafungwa, na ukitaka kujua kwa nini kijana wa miaka 29 mwaka 2016 alihitaji dakika tano za ukimya wa maneno kabla ya kujieleza, hiyo droo haina jibu. Tena tazama nani anafanyiwa hivi. Radiohead walikuwa kwenye orodha hiyohiyo ya Mercury na A Moon Shaped Pool, iliyojaa fidla na nyimbo za kujivuta, na walisomwa kama Radiohead. Kiwanuka, mwaka wa nne tangu albamu yake ya kwanza, bado alikuwa anasomwa kama mtu mwingine.

Kwenye orodha ile alikuwepo pia Laura Mvula na albamu yake ya pili, The Dreaming Room, ambayo nayo ilikuwa soul iliyokataa kukaa kitini ilipopangiwa. Ilishinda tuzo ya Ivor Novello ya albamu bora mwaka 2017. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Sony walikuwa wameshamwacha, na kama alivyosimulia mwenyewe, habari zilimfikia kwa barua pepe. Kwa hiyo usiniambie mapokezi ni mambo ya watu wenye muda mwingi. Mwanamuziki mweupe anayeharibu albamu ya pili anaambiwa anatafuta njia. Yeye aliifanya vizuri, akafungashiwa virago. (Na nikiwa hapo: kwa Kinyanja, mvula ni mvua, jina alilolipata kwa ndoa. Kwa Waganda wa zamani Kiwanuka ni lubaale wa radi na ngurumo. Mvua na radi kwenye orodha moja ya tuzo, na sikusoma pitio hata moja la London lililoona hiyo hali ya hewa.)

Jina hilo ndilo linanileta nyumbani.

Mhakiki wa London akiliona jina Kiwanuka anaona jina gumu kidogo, la kigeni, labda zuri kwenye bango. Mtu wa Afrika Mashariki aliyesoma historia kidogo anamwona Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu, ambaye watu wa Idi Amin walimkamata mahakamani Septemba 1972 na hakurudi. Sisemi Michael ni jamaa yake. Waganda wenye jina hilo wamejaa. Nasema jina hilo huku kwetu lina mwangwi. Wazazi wa Michael waliikimbia Uganda ya Amin, wakaishia kumlea Muswell Hill, kaskazini mwa London. Wenzao wengi hawakufika mbali hivyo, walifika kwetu. Waulize wazee waliosoma sekondari Kenya miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, wengi watakutajia mwalimu Mganda, wa hesabu au wa Kiingereza, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola inang'aa, asiyependa kuulizwa lini anarudi kwao. Sasa chukua wimbo unaoitwa Father's Child, ulioko karibu na mwisho wa albamu, dakika saba za mtu anayetembea akitafuta kitu, na uusikilize ukiwa na yule mwalimu kichwani. Isaac Hayes anakusaidia nini hapo?

Kuna kitu kingine ambacho sikio la Ruiru linakijua na sikio la London lilikitafutia jina mbali. Wimbo mrefu si mgeni kwetu. Rumba ya Franco ilikuwa haianzi kupata joto kabla ya dakika ya nne. Mario ya 1985 inazidi dakika 10 na watu waliicheza baa nzima bila kulalamika. Santuri ndogo za zamani zilikuwa zinakatika katikati ya wimbo, unageuza, sehemu ya pili inaendelea upande wa nyuma, na mtu aliyegeuza ndiye aliyekuwa na heshima usiku huo. Tarabu ya Zanzibar, ile ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, inaweka fidla, ganuni na akodiani mbele, zinaongea zenyewe hadi ukumbi utulie, na mwimbaji amekaa pale amenyamaza, hana haraka, anajua atafikiwa. Hilo la kusubiri sauti, nyanya zetu wa Pwani walilijua kabla Pink Floyd hawajazaliwa.

Na usiende Pwani. Nenda Kamakis Ijumaa usiku, au baa yoyote ya Thika yenye mtu mmoja na gitaa. Mugithi ni gari la moshi kwa Kikuyu: watu wanashikana mabega, wanajipanga mstari, wanazunguka meza kama mabehewa, na yule jamaa na mashine yake ya midundo anaunganisha Kamaru na De'Mathew na wimbo wa kanisani bila kusimama, saa nzima. Hakuna anayesema ni ndefu. Nyama inapoa, hakuna anayesema ni ndefu.

Tena, sidai Kiwanuka aliyachota haya kwetu. Hata sijui kama nyumbani kwao palikuwa na santuri moja ya Franco. Ninachodai ni kwamba msikilizaji wa huku ana zana za kumsikilizia ambazo London haina, na amezitupa chini akaokota zile za London. Kila nilipouliza mtu wa huku anieleze Love & Hate, alinijibu kwa majina yaleyale ya Wamarekani, kwa mpangilio uleule, kama aliyekariri.

Wapo wasiofika hata huko. Wanasema ni slow. Ni ya kulala. Ni ya mvua. Mmoja aliniambia wazi kwamba Black Man in a White World haumhusu, kwa sababu Ruiru hakuna mzungu. Hilo nitalijibu, kwa sababu ni hoja na ina meno.

Wimbo wenyewe unaanza kwa makofi, makofi matupu na sauti, kisha gitaa linalokwaruza, kisha fidla zinaingia kama watu wanaokuja kuangalia kelele ni za nini. Ni wimbo wa haraka, wa kucheza, na jina lake linarudiwa mpaka linakuwa kama namba ya kitambulisho. Ni kweli, ni wimbo wa mtu aliyekuwa mweusi pekee chumbani, na hapa kwetu chumba kimejaa sisi. Lakini angalia chumba chenyewe kimejengwa wapi. Ardhi kati ya Ruiru na Thika ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi, na tunaijua mipaka yake hadi leo kwa majina ya estate na kwa foleni za miti iliyopandwa kupendeza macho ya mtu mwingine. Tuna kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru, kilichotoa hata mbegu yenye jina la mji, Ruiru 11. Kahawa yenyewe ilikuwa ikisafiri, na sisi tukabaki tunakunywa chai. Mwingereza wa kawaida, ukimtajia Thika, akijua chochote atajua kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, The Flame Trees of Thika, na tamthilia ya televisheni iliyotokana nacho: utoto wa msichana Mzungu shambani. Mji wetu una karne moja na zaidi, na jina lake kubwa zaidi duniani ni utoto wa mtu mwingine. Sasa rudi uniambie huo wimbo haukuhusu. Siku hizi hayo mashamba yanakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na matangazo yanatuuzia nyumba zenye majina kama ya vijiji vya Surrey.

Hayo ndiyo ningependa kuyasoma kwenye pitio. Hayakuandikwa, na hapa ndipo ugomvi wangu unageuka kutoka London. Mhakiki wa kule aliandika alichokijua. Alikosea kwa uvivu, lakini aliandika. Sisi 2016 tulinyamaza. Nilitafuta sana. Nilichokipata ni cha miaka minne baadaye, Septemba 2020, albamu ya tatu iliposhinda Mercury. Hapo ndipo tulipoamka: Mganda ashinda tuzo kubwa Uingereza, kijana wetu, damu yetu, fahari ya Afrika Mashariki, bendera tatu na moto. Albamu hiyo inaitwa KIWANUKA, kwa herufi kubwa, na aliiita hivyo baada ya miaka ya kujiuliza kama jina lake linauzika na kama atafute lingine. Mtu amesimama mbele ya dunia akatamka jina la ukoo wake kwa sauti, na sisi tunaolielewa jina tukapiga makofi kwa kikombe. Nyimbo zilizomfikisha pale hatukuzigusa. Ni tabia ya ndugu wa sherehe: haonekani kwenye matanga wala kwenye harambee ya karo, lakini siku ya mahafali yuko mstari wa mbele na simu yake juu.

Wala si Kiwanuka peke yake. Just a Band walitoa albamu yao ya pili mwaka 2009, wakaiita 82. Kwa Mkenya, 82 si namba tupu. Kila nyumba ina hadithi ya Agosti mosi ya mwaka ule, ya redio iliyobadilika sauti na watu waliolala chini ya vitanda. Albamu ilikuwa ya kuthubutu, ya vijana waliokataa kuchagua kati ya soul, funk na muziki wa kompyuta. Mwaka 2010 ikaja video ya Ha-He, akaja Makmende, nchi nzima ikacheka wiki kadhaa, na hadi leo ukitaja bendi hiyo mtu anakurushia mzaha wa Makmende. Nimemuuliza kila ninayemjua aniambie wimbo mwingine mmoja wa 82. Wawili walijaribu. Kule Marekani walichukua dakika moja ya Kiwanuka wakaifanya mlango wa tamthilia. Huku tulichukua dakika nne za Just a Band tukazifanya kichekesho. Albamu zote mbili zilibaki nje ya mlango.

Najua jibu mtakalonipa, kwa hivyo nijibiwe sasa niendelee. Mtasema kusikiliza albamu ni anasa. Bando la saa moja ni pesa, na hiyo saa kuna mambo matano yanaisubiri. Mtasema maisha ya Thika Road hayana nafasi ya utangulizi wa fidla: unapanda nganya Ngara, spika ziko chini ya kiti, dijei anakata kila wimbo baada ya sekunde 40 kabla hujajua unaupenda, makanga anagonga bodi, na jirani yako ana sinema yake kwenye simu bila vipokea sauti. Yote ni kweli. Hata sina neno baya kwa dijei wa mathree. Ile ni sanaa yake, na amewahi kunifundisha nyimbo ambazo redio haikunifundisha.

Lakini nilipiga hesabu. Hii barabara Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012, mwaka uleule wa Home Again. Siku isiyo na jam, mjini hadi Thika ni kama saa moja, na Love & Hate ni dakika 55. Ukianza Cold Little Heart kwenye stage ya Ruiru kuelekea Thika, sauti inaingia ukiwa maeneo ya Toll, na wimbo unaisha ukikaribia Juja, gari lisipochukua abiria kila mita 100. Muda tunao. Tunakaa kwenye hiyo barabara miaka, tukihesabu vivuko vya miguu na matangazo ya viwanja. Tunatazama mfululizo wa vipindi vinane kwa usiku mmoja halafu tunasema dakika 10 za mtu ni nyingi. Tukifikia riwaya, tunajua kusubiri: tangu Kwani? ilipoanza 2003 tumezoea kuisoma hadithi hadi koma, na mwandishi akichelewesha mhusika wake mkuu hadi sura ya tatu tunasema ni ujasiri. Mwanamuziki akifanya hivyo tunasema anaboa.

Na sitaki mtu afikiri nadai albamu haina kasoro, kwa sababu huko ndiko tunakoishia tukishaamua mtu ni wetu. Ina kasoro. Katikati inalegea. One More Night ungekaa vizuri kwenye albamu ya kwanza na haudai kitu ambacho nyimbo zilizoutangulia hazijadai. Waitikiaji wametumika kupita kiasi. Kuna mahali wanaingia kwa sababu tu ilikuwa zamu yao. Love & Hate wenyewe, ule wimbo wa jina, unajizungusha juu ya mduara mmoja na unategemea gitaa la mwisho liuokoe, na kwangu linauokoa, lakini mtu akiniambia halikumwokolea naweza kukaa naye tukabishana hadi taa zizimwe. Sauti ya Kiwanuka pia ina ukungu ambao ni utajiri kwenye nyimbo tatu na mzigo kwenye nyimbo kumi. Haya nayo sikuyasoma popote kwetu. Mtu anayemwita ndugu bila kumwambia kwamba katikati umelegea, huyo hajasikiliza, amehesabu bendera.

Kuna wakati nafikiri shida yetu ni adabu. Tumefundishwa kwamba kumchambua msanii ni kumwonea wivu, kwamba support local ni amri ya kumi na moja. Basi tunasifu kila kitu kwa maneno manane yaleyale, moto, ngoma kali, mbogi inajua, kisha tunasahau kila kitu kwa kasi ileile. De'Mathew alifariki Agosti 2019 katika ajali ya barabarani hapa Thika, karibu na Blue Post. Nilisoma tanzia nyingi. Zilikuwa na wanasiasa, misafara, idadi ya magari, nani alilia. Kuhusu kidole chake kwenye gitaa, kuhusu jinsi alivyopanga sauti za wanawake nyuma yake, nilipata sentensi mbili. Mtu aliyewaimbia watu wa eneo hili miaka na miaka, na hatukuwa na mtu wa kuandika ukurasa mmoja kuhusu sauti yake.

Inflo, yule mtayarishaji, ameendelea kujenga juu ya ule mkondo: SAULT, Cleo Sol, albamu za Little Simz zilizotikisa Uingereza. Ukisikiliza nyuma kutoka kwa hizo, Love & Hate inaonekana ilikuwa mlango, na wahakiki walikuwa wanauangalia kama picha ya zamani ukutani. London imeanza kuandika upya kuhusu hilo, taratibu, kwa sababu kule kuna watu wanaolipwa kurudi nyuma na kujisahihisha. Huku hakuna wa kujisahihisha, kwa sababu hakuna aliyesema kitu.

Small Changes, albamu yake ya nne, ilitoka Novemba 2024. Nikatafuta pitio moja, hata la aya tatu, hata la kuitukana, lililoandikwa na mtu anayeishi kati ya Mto Ruiru na Mto Chania. Bado natafuta.